Kodi ya Kichwa Imerudi kwa Jina la Mchango

Mama mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa, Musoma Vijijini, alifika ofisi ya kijiji asubuhi na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kijana wake ya kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kila kitu kilikuwa kimejazwa. Ilibaki sahihi na muhuri wa serikali ya kijiji.

Mtendaji alimpa shikamoo, akamkaribisha kwenye benchi, kisha akafungua daftari lake.

"Mama, jina lako hapa lina deni. Mchango wa maabara, elfu ishirini."

"Mwanangu, nigongee muhuri kwanza. Nitaleta nikiuza dagaa."

"Leta hata nusu, mama. Na mimi nadaiwa huko juu."

Mama akarudi nyumbani na bahasha yake. Jioni ile aliuza dagaa ambao hawajakauka vizuri, kwa bei ya mchuuzi anayejua kwamba muuzaji ana shida. Kesho yake akapeleka elfu kumi, muhuri ukagongwa, na mtendaji akaandika kwa kalamu daftarini: imebaki elfu kumi.

Hatumlaumu yule kijana wa ofisini. Naye ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana mkubwa wake, na wote wanaulizwa kila wiki maabara imefika wapi. Tunachokikataa ni utaratibu uliowafikisha wote wawili pale. Taifa limeanzisha mkopo ili mtoto wa maskini asome. Kisha muhuri wa mkopo huo unazuiliwa kwa kuwa mama yake hana pesa.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema bila kuzunguka. Mchango unaotozwa kwa orodha, kwa kiwango kimoja kwa kila kaya, na wenye adhabu kwa asiyetoa, ni kodi. Uitwe kodi. Na ukishaitwa kodi, upimwe kama kodi nyingine zote zinavyopimwa: nani anailipa, ana uwezo gani, nani ameiidhinisha na nani anakagua hesabu zake. Ukipimwa hivyo, mchango wa lazima unashindwa mtihani kuanzia swali la kwanza.

Wazee wetu wa Bunda na Musoma wanaijua kodi ya namna hii. Mkoloni aliitoza kwa kichwa, tajiri na maskini kiwango sawa. Mwaka 1969, serikali ya Mwalimu Nyerere iliifuta. Miaka ya 1980, halmashauri ziliporudishwa, ikaja tena kwa jina la kodi ya maendeleo, na watu wazima wanakumbuka mgambo wa alfajiri, wanaume wakikimbilia vichakani, wengine wakiruka kwenye mitumbwi na kulala kisiwani mpaka msako upite. Mwaka 2003 ikafutwa mara ya pili. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: ilikuwa inamuumiza asiye nacho, inazaa manyanyaso, na fedha iliyopatikana haikulingana na jasho la kuikusanya.

Leo ipo tena. Haina mgambo wa alfajiri, ila ina daftari na muhuri.

Tazama inavyowaangukia watu. Kijiji kile kile kina mwenye mitumbwi mitano yenye injini, taa za sola na vijana wa kuvua. Kina pia mjane anayenunua dagaa kwa ndoo mwaloni, anawaanika juani, anawageuza kwa mkono, anafukuza kunguru, na mvua ikinyesha mchana mtaji umekwenda. Kila mmoja wao ni "kaya." Wote wanadaiwa elfu ishirini. Kwa yule wa kwanza ni mafuta ya safari moja. Kwa huyu wa pili ni mtaji wa wiki nzima.

Nenda Bunda, kwenye pamba. Bei elekezi ya msimu wa 2019 ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mchango wa elfu ishirini ni karibu kilo 17 za pamba, ambayo mkulima ameilima, ameipalilia mara mbili au tatu, ameipulizia dawa na kuichuma kitumba kwa kitumba. Na msimu ule ule wapo waliouza pamba yao wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mchango haukuwasubiri.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa hawalipi kodi nyingine, basi angalau wachangie. Si kweli. Mama wa dagaa analipa ushuru mwaloni na kupewa risiti ya mashine. Akinunua sabuni, ndani ya bei mna VAT ya asilimia 18. Akipanda daladala kwenda Musoma mjini, analipia mafuta ambayo tangu Julai 2023 yameongezewa shilingi 100 kwa lita. Kati ya 2021 na 2023 alikatwa tozo ya miamala kila alipomtumia mtoto pesa ya shule. Huyu ni mlipakodi, tena mlipakodi mzuri, kwa sababu hana mhasibu wa kumtafutia upenyo.

Tofauti ni kwamba kodi hizo zote zilipita Bungeni au kwenye baraza la madiwani, na zinaingia kwenye vitabu vinavyokaguliwa. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Kijiji nacho kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, tangu Sheria Na. 7 ya 1982, na halmashauri ya wilaya ndiyo inayoziidhinisha. Ni vijiji vingapi vinavyofuata njia hiyo yote kabla ya daftari kufunguliwa? Mara nyingi kinachotokea ni mkutano wa hadhara, mgeni rasmi ameketi mezani, swali linaulizwa, "Tukubaliane, au kuna anayepinga maendeleo?", na mikono inanyanyuka. Nani atabaki ameshusha mkono mbele ya mkuu?

Sasa tuje kwenye shule zenyewe, maana ndiko mchango mwingi unakokwenda.

Mkoa wetu wa Mara umo kwenye historia ya elimu ya nchi hii kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1934 kijana wa miaka 12 kutoka Butiama alianza shule Mwisenge, hapa Musoma, shule ya utawala wa wenyeji, wakati watoto wa rika lake walioipata nafasi hiyo walikuwa wachache mno. Miaka 40 baadaye, Novemba 1974, kijana yule akiwa Rais, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa kila mtoto ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989. Wajumbe wakasema hapana, ni mbali mno. Wakavuta tarehe hadi 1977.

Miaka 12 ilifutwa kwa kikao kimoja. Na ingawa haikufikiwa kikamilifu, nchi ilikaribia kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliwahi kuiona. Hata kwa watu wazima mambo yalibadilika: mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama theluthi mbili. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama mmoja kati ya kumi.

Tuseme na upande wa pili, kwa sababu msomaji wetu anaujua. Haraka ile ilikuwa na gharama. Walimu wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) walichukuliwa wakiwa wamemaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Vitabu havikutosha. Na madarasa mengi yalijengwa kwa mikono ya wanavijiji. Kwa hiyo wapo wanaotuambia: Mwalimu mwenyewe alijenga kwa nguvu za wananchi, nyinyi mnapinga nini?

Tunajibu hivi. Wakati ule mwananchi alitoa mkono wake, na mkono wa tajiri na wa maskini unabeba jiwe lile lile. Kodi ya kichwa ilikuwa imeshafutwa miaka mitano kabla. Serikali kwa upande wake ilileta mwalimu na mshahara wake, na ada ya shule ya msingi ilikuwa imeondolewa. Lilikuwa agano la pande mbili. Leo mkono hautakiwi, inatakiwa pesa taslimu. Na asiye nayo hawezi kusema nitabeba mchanga siku tatu badala yake. Mwanakijiji anayejitolea kwa hiari kuponda kokoto za shule ya mwanawe tunamheshimu na tutaendelea kumheshimu. Hoja yetu haimgusi.

Kilichofuata baada ya azimio lile ni somo ambalo nchi imelisoma mara mbili. Uchumi ulipobanwa, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986, gharama zikarudi kwa mzazi: ada, michango, madawati. Watoto wakaondoka shule. Kufikia mwaka 2000 walioandikishwa shule za msingi walikuwa milioni 4.4 hivi, na watoto wengi wa umri wa shule walikuwa nje. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ada ikafutwa, na kufikia 2005 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 7. Januari 2016, elimu bila ada ilipofika hadi kidato cha nne, madarasa yalifurika tena. Hakukuwa na kampeni ya kuwashawishi wazazi. Malipo ya mlangoni yaliondolewa na watoto wakaja, kama ambavyo waliondoka malipo yalipowekwa.

Tunawapongeza walioondoa ada. Lakini ada iliyoondolewa lazima mtu ailipe, na hapo ndipo penye pengo. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Elfu sita zinakwenda shuleni na elfu nne zinabaki kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho kilipangwa wakati wa MMEM, takriban mwaka 2002, kilipokuwa karibu sawa na dola 10 za Marekani. Leo hakifiki dola tano. Chaki imepanda, karatasi za mitihani zimepanda, kufuli la stoo limepanda, na elfu kumi imebaki ile ile kwa zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati ule leo ni mzazi, na mwanawe anapewa kiwango kile kile.

Mwalimu mkuu afanye nini? Anaita kikao cha wazazi. Mwaka 2018 Rais Magufuli alikataza mwanafunzi kufukuzwa kwa sababu ya michango, na agizo lile lilisaidia. Walimu walitolewa kwenye kazi ya kukusanya. Lakini shimo la bajeti lilibaki palepale, na kazi ya kulijaza ikahamia kwa mtendaji wa kijiji na wa kata. Mtoto hafukuzwi tena. Mama yake ndiye anayenyimwa muhuri.

Pita barabara ya kutoka Bunda kwenda Kisorya, au zile za ndani Butiama, uhesabu maboma. Kuta zimefika kwenye lenta, zikasimama. Nyasi zimeota ndani, mbuzi wanajikinga mvua pembeni, udongo wa matofali umeanza kumomonyoka. Wananchi waliambiwa jengeni mpaka lenta, serikali itaezeka. Wakajenga. Baadhi ya maboma hayo yaliezekwa, na mengine yamesubiri mpaka watoto waliokusudiwa kuyasomea wameshamaliza shule. Jasho la maskini likageuka gofu, na kila mwaka wanaitwa kuchangia boma jingine.

Tena mchango unajenga ukuta tu. Haumwajiri mwalimu wa hisabati. Shule za kata zilizojengwa kwa kasi enzi za Waziri Mkuu Edward Lowassa zilifungua mlango wa sekondari kwa mamilioni ya watoto, na hilo ni jema lisilofutika. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, watahiniwa karibu sita kati ya kumi walipopata sifuri, yalituonyesha kilichotokea taifa lilipomwachia mwananchi kuta na lenyewe likachelewa na walimu, vitabu na maabara.

Na tunajua kwamba serikali ikiamua, inaweza. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo nafuu wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19. Madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa miezi michache, kwa shilingi milioni 20 kila moja, bila daftari la mtendaji kupita nyumba kwa nyumba. Hospitali ya Kwangwa, hapa Musoma, ilikaa gofu kwa miongo kadhaa. Ilipopata fedha za Hazina ndipo ilipoanza kupokea wagonjwa. Tusiambiwe basi kwamba bila mchango wa mjane hakuna darasa.

Fedha zitoke wapi, kama si kukopa kila mara? Hili ni swali la haki na tunalijibu.

Makusanyo ya kodi ya nchi hii yapo kwenye asilimia 12 hadi 13 ya pato la taifa, chini ya wastani wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kuna nafasi ya kukusanya zaidi, na nafasi hiyo haiko kwenye chungu cha mama wa dagaa. Chukua kodi ya majengo, inayokatwa mteja anaponunua umeme wa LUKU. Tangu 2023 nyumba ya kawaida inalipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili ya bati kuukuu, Nyasho, Musoma mjini, inalipa 1,500. Jumba la vyumba kumi lenye geti la umeme na bustani inayotazama ziwa, alimradi si la ghorofa, linalipa 1,500. Mijini kumejaa majumba ya namna hiyo. Kutoza kwa ukubwa au thamani ya nyumba si sayansi ngumu; halmashauri zilikuwa na orodha za uthamini kabla ya utaratibu huu kuingia. Apandishiwe mwenye jumba, mwenye vyumba viwili aachwe apumue.

Chukua dhahabu. Sheria za 2017 zilipandisha mrabaha wake kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa. Tuliziunga mkono na bado tunaziunga mkono. Lakini mapato ya mgodi yanayobaki mkoani, kwa maana ya ushuru wa huduma na fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii, yanabaki zaidi kwa halmashauri yenye mgodi. Tarime inapata, na ni haki yake kwa kuwa ndiyo inayobeba vumbi na maumivu ya Nyamongo, uliko mgodi. Mtoto wa Bunda, ambako hakuna mgodi wa namna ile, anategemea pamba na ushuru wa mwaloni. Ndiyo kazi ya Hazina kusawazisha: fedha zifuate idadi ya watoto na ukubwa wa upungufu, zisifuate bahati ya mwamba uliolala chini ya wilaya.

Misamaha ya kodi nayo iwekwe mezani. Kila msamaha utangazwe kwa jina la anayeupata na kiasi chake, kila mwaka, kwa Kiswahili ambacho mama wa mwaloni atakielewa. Jina lake yeye, pamoja na deni lake la elfu kumi, limeandikwa wazi kwenye daftari la kijiji ambalo yeyote anaweza kulifungua. Anayesamehewa mabilioni anastahili uwazi huo huo.

Tunasikia pia hoja kwamba mwananchi asipochangia hatajiona mmiliki wa shule. Tumeifikiria, na hatuioni ikisimama. Mtu anajiona mmiliki anaposomewa mapato na matumizi akauliza swali likajibiwa. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila robo mwaka. Kuna vijiji mkutano huo unapita mwaka bila kuitishwa, ila mchango hauchelewi hata mwezi mmoja. Anayetaka wananchi wajione wamiliki aanze na mikutano hiyo.

Kwa hiyo tunaitaka serikali kuu ipandishe ruzuku ya mwanafunzi katika bajeti ijayo na kuifunga na mfumuko wa bei, isije ikaganda miaka mingine 20. Tunataka orodha ya maboma yote ya shule na zahanati ya Musoma, Bunda na Butiama ibandikwe kwenye ofisi za kata, pamoja na tarehe ya kumalizika kwa kila moja. Wajumbe wa 1974, waliokaa mji huu huu wakiwa na hazina nyembamba kuliko ya leo, walithubutu kutaja mwaka. Wabunge na madiwani wetu wa leo nao wathubutu.

Hayo yatachukua muda, tunaelewa. Lipo moja lisilohitaji bajeti wala kamati. Waraka wa ukurasa mmoja kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, useme kwamba muhuri na barua ya utambulisho ni haki ya kila mkazi, na asinyimwe mtu kwa sababu ya mchango. Unaweza kutoka wiki hii. Dirisha la maombi ya mikopo huwa na tarehe ya kufungwa, na si kila mama atapata mchuuzi wa kununua dagaa wabichi jioni ile ile.